Kisichosikika Hutupwa

Bagara, Babati
17 Machi 2024

Mdogo wangu Laurian,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku ni wazima. Mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata soksi. Shemeji yako Paskasi yuko Singe tangu asubuhi, anapigana na magugu ambayo yanakua kuliko mahindi. Mpwa wako Viola anasoma, ingawa ukimkuta na simu huwezi kujua. Mama yuko palepale Nakwa. Nimemwomba ahamie kwangu hata kwa muda, amekataa. Anasema nyumba ikiachwa baada ya msiba inajifunza kukaa tupu.

Mpe salamu nyingi wifi yangu Conjesta. Mwambie asibebe ndoo, asiiname kufua, na akitaka kula udongo ale kidogo. Kwa hesabu yangu Mei tunampokea mgeni.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Barua hii nimempa Damasi, anapeleka maharage Dar es Salaam kwa lori, nimemwelekeza mpaka ofisini kwenu. Simu zako nimeziona. Sijapokea kwa sababu sikuwa na la kusema ambalo lingekupendeza.

Laurian, kwa nini ulisema utakuja?

Ijumaa ile ulipopiga nilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama. Kwaya ilikuwa inajaribu nyimbo, jenereta linanguruma, spika inapiga kelele. Nikakuuliza utakuja? Ukaniambia, "Nitakuja, mnisubiri." Nikaenda mbele ya watu wote nikatangaza. Jumamosi tukakusubiri. Padri alikuwa na mazishi mengine Dareda, akasubiri mpaka akachoka, akaacha katekista. Tukipiga, simu haipatikani. Tukasema yuko kwenye basi, porini hakuna mtandao. Mwisho Baba tumemzika kwenye mvua, wanaume wanateleza na jeneza kwenye tope, na baba mdogo Apolinary akasema pale kaburini, mbele ya watu, "Melkiori alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na huyo naye alikuwa wa kuazima."

Mama alisikia. Tangu siku ile ukitajwa jina anatoka nje.

Sikuandikii kukutukana. Nataka uniambie ulikuwa wapi.

Dada yako,
Natalia

*

Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Dada Natalia,

Shikamoo. Barua nimeipata, Damasi aliniletea mwenyewe, na tope la Babati bado likiwa kwenye buti. Nilifurahi kuliona lile tope, usinicheke. Msalimie shemeji, na Viola. Sisi tupo. Joto la huku unalijua. Conjesta anawasalimu.

Nimeanza barua hii mara kadhaa na kuichana. Nimeshindwa kukaa, ninaandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji.

Dada, sikusema nitakuja. Nilisema SITAKUJA. Nilisema, "Sitakuja, msinisubiri." Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu kabla ya kupiga niliyarudia peke yangu kwenye korido, nikihofia kwamba nikikusikia unalia nitabadilika. Kisha nilisema "nitakueleza," na simu ikakatika.

Najua hutaniamini. Lakini tazama hayo maneno mawili. "Sitakuja" na "nitakuja", "msinisubiri" na "mnisubiri". Kinachoyatenganisha ni hiyo "si". Kiswahili chetu hapo kimebebesha hapana yote kwenye herufi moja, na herufi yenyewe ni upepo tu wa kupita kwenye meno. Mimi kila siku kazi yangu ni sauti, Dada. Tunatengeneza masomo ya redio kwa ajili ya shule, na mimi ndiye ninayeyapunguza ukubwa ili yaingie kwenye kadi ndogo na yatumwe mahali penye mtandao hafifu. Ninajua simu inafanya nini na herufi S. Inaitupa.

Mweleze Mama hivyo. Mwambie sikumdanganya.

Mdogo wako,
Laurian

*

Bagara, Babati
21 Aprili 2024

Laurian,

Marahaba. Tu wazima. Ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike.

Sikumweleza Mama. Nimweleze nini? Kwamba mtoto wake hakusema uongo ila simu ilikula herufi? Angeniuliza kama na mimi nimeanza kunywa.

Unaniambia kistaarabu kwamba sikusikia. Mimi mwalimu wa darasa la kwanza, niliyewafundisha watoto wa mji huu kutofautisha sa na fa tangu wewe unavaa kaptula. Haya, tuseme nilikosea. Simu ilikatika. Kwa nini hukupiga tena? Kwa nini hukutuma hata ujumbe wa maneno mawili? Simu yako ilizimwa siku mbili nzima, na hizo siku mbili ndizo Baba yako alizokuwa juu ya ardhi kwa mara ya mwisho. Huko kwenye korido ulikokuwa unayarudia maneno yako, korido ya wapi?

Na nilikuuliza habari za Conjesta, ukajibu "anawasalimu." Mjamzito wa miezi nane hasalimii tu, analalamika. Niandikie analalamikia nini.

Natalia

*

Dar es Salaam
12 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Hongereni kwa ndama. Nimesikia Ziwa Babati limejaa mpaka viboko wamesogea mashambani. Muwe waangalifu mnapopita asubuhi. Conjesta yupo, anapumzika.

Nimechukua muda kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nijue, nisije nikakusingizia. Nikueleze nilichofanya. Ila lazima nianze na kazi yenyewe, maana hata Baba hakuwahi kuielewa; alikuwa anawaambia watu mimi ni fundi redio.

Sauti ikirekodiwa yote kama ilivyo inakuwa nzito kuituma, kama kusafirisha mahindi na magunzi yake. Kwa hiyo tunapukuchua. Lakini kujua gunzi ni lipi na punje ni ipi, watu walilipima sikio la binadamu. Wakawaweka watu kwenye vyumba vya kimya, wakawachezea sauti, wakauliza: hii unaisikia? Na hii? Wakagundua sikio si mwaminifu kama tunavyodhani. Kuna sauti nyembamba na sauti nzito ambazo halizipati kabisa. Halafu sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani yake. Ngoma ikilia kanisani wakati mtu anaburuta kiatu, mburuzo ule hewani upo, sikioni haupo. Ajabu zaidi, hata kitambo kidogo baada ya mlio mkubwa sikio linakuwa bado limezibwa, na kile kidogo kilichotangulia punde tu kabla ya mlio nacho hufunikwa, kana kwamba mlio umerudi nyuma kukifuta.

Basi programu ya kompyuta inaukata wimbo vipande vidogo sana. Kila kipande inajiuliza: mtu atakisikia hiki? Atakachokisikia inakitunza. Kilichofunikwa haikitunzi, au inakiandika ovyoovyo ili kisile nafasi. Wimbo unabaki sehemu ndogo tu ya ulivyokuwa, na wewe umekaa kwenye kiti unaimba nao, hujui kwamba sehemu kubwa haipo. Huo si ujanja wa mashine, Dada. Ni udhaifu wetu sisi ndio umefanywa kuwa kazi.

Simu ni kali kuliko hapo. Simu haina shida na uzuri wa sauti, inataka maneno yaeleweke tu, basi. Mtandao ukiwa hafifu inakata juu na inakata chini, inabakiza katikati. Na upepo wa S uko juu kabisa, karibu wote uko pale panapokatwa. Kinachofika ni kivuli chake. Akili ya msikilizaji ndiyo inayojaza. Ikitegemea S, inaweka S. Ikitegemea kingine, inaweka hicho.

Nilijirekodi nikisema maneno yale yale. Nikayapitisha kwenye mbano wa simu wa mtandao mbaya, kisha nikayalaza chini ya kwaya na mngurumo wa jenereta. Nikawaita wenzangu ofisini bila kuwaambia habari. Wengine wakasema "nitakuja," wengine "sitakuja." Marcelino, anayekaa meza ya pili, alisema, "Huyu anakuja au haji? Rudia." Kwa hiyo sikukusingizia, wala wewe hukunisingizia.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini nikaondoa kwaya na jenereta, nikabakiza simu peke yake, na wote wakasikia vizuri. Ndipo nikakumbuka mambo. Krismasi ulikuwa unanihamisha nikae mbele yako. Nikiongea nikiwa jikoni hujibu, nikitokea mlangoni unajibu. Ulikuwa unanitazama mdomo, si macho. Viola alikuita mara tatu ukiwa unachambua mchele, nikadhani umemkasirikia. Na hata kabla ya msiba ulikuwa umeshaacha kupokea simu. Unasema "tuma meseji, niko darasani," hata Jumapili.

Dada, vile vipimo vya sikio vilifanywa kwa watu wenye masikio mazima. Sikio likianza kuchoka, mara nyingi huanzia juu, kwenye S na F na SH. Vokali zinabaki, kwa hiyo mtu anasema "nasikia, ila watu siku hizi wanamumunya maneno."

Nakuomba kitu kimoja. Mwambie shemeji asimame nyuma yako, asiinue sauti, aseme maneno anayoyataka yeye. Wewe uyarudie. Basi.

Laurian

*

Bagara, Babati
30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Usione kimya, tumekuwa kwenye mavuno. Mahindi ya Singe yamekuja vizuri kuliko tulivyostahili, mbaazi bado. Paskasi ana kikohozi cha vumbi. Viola amefanya mitihani, matokeo anayaficha. Mama alipata homa kidogo, akapona, akarudi kwenye kazi zake kama hakuna kilichotokea. Shuleni kuna mwalimu mpya, kijana, Festo, anatoka Katesh. Mwalimu mkuu wetu, Herieli, amempa darasa la kwanza. Mimi niko maktaba kwa sasa, nabandika vitabu vilivyochanika. Ni kazi nzuri, ina utulivu.

Baridi imeanza. Asubuhi Mlima Kwaraa hauonekani.

Ulichoniomba nimekisoma. Sina la kujibu.

Ila na mimi nakuuliza jambo moja, nawe usinijibu kwa mashine. Mei imepita. Juni imeisha. Mwanamke hawezi kupitiliza hivyo. Hukutuma jina, hukutuma picha, hukusema ni wa kike wala wa kiume. Nimeipanga kanga hapa, na shuka dogo, na kikofia alichofuma Mama kabla ya msiba. Hajakitoa kwenye sanduku, lakini hajakigawa pia.

Laurian, mtoto yuko wapi?

Natalia

*

Dar es Salaam
9 Julai 2024

Dada,

Korido ilikuwa ya wodi ya wazazi.

Conjesta alilazwa Ijumaa ile alfajiri. Alikuwa ameacha kumsikia mtoto akicheza. Wakampima, daktari akatoka akanieleza, na nilipomaliza kuelezwa ndipo nikakupigia wewe. Nilikuwa na nguvu ya kusema maneno hayo mawili tu. Simu ilipokatika niliizima. Mtoto alitoka Jumamosi, wakati nyie mnanisubiri. Hakulia.

Sikumwona. Muuguzi aliniuliza, nikasema hapana. Conjesta alimwona. Sijawahi kumuuliza alichokiona na yeye hajaniambia. Tunakaa nyumba moja tunaongea habari za maji na umeme.

Sikuwaambia kwa sababu Mama alikuwa anamzika mumewe. Nilisema nitasubiri apoe. Halafu nikasikia ananichukia, nikaona afadhali achukie kuliko aongezewe. Halafu muda ukapita, na jambo kama hili likishapitwa na muda halina mlango wa kuingilia.

Usimwambie.

L.

*

Bagara, Babati
24 Julai 2024

Laurian mdogo wangu, mtoto wa Mama yangu,

Pole. Nimeandika neno hilo nikaliangalia sana, ni dogo, lakini ndilo tulilopewa. Pole wewe, pole Conjesta. Kumbe nilikuwa namtumia ujumbe asiiname kufua.

Nimemwambia Mama. Nisamehe au usinisamehe. Nilisoma barua yako nimesimama kwenye lango la shule, nikaenda Nakwa moja kwa moja kwa miguu, gundi ya vitabu ikiwa bado mkononi. Nilimkuta uani anachagua maharage. Nikamweleza yote, kwa lugha yetu ya nyumbani, maana kwa Kiswahili ningelia.

 Mikono yake iliendelea kuchagua. Kisha akauliza, "Nani anampikia?"

Nikasema, "Laurian."

"Laurian anajua kupika nini?"

"Sijui, Mama. Wali labda."

"Miezi yote hiyo anakula wali wa Laurian." Akainuka. Akaingia ndani, nikasikia, au tuseme niliona, sanduku linafunguliwa.

Siku ya pili yake tukamwita baba mdogo Apolinary. Mama alimkaribisha, akampa maziwa, akamwacha mpaka akamaliza. Ndipo mimi nikasema, "Baba mdogo, Laurian alisema haji. Mimi ndiye niliyesikia anakuja. Masikio yangu ni mabovu." Mzee akageuza geuza kikombe. Akasema, "Nilisema maneno mbele ya watu." Mama akamjibu, "Basi uyaondoe mbele ya watu." Jumapili, baada ya misa, nje ya kanisa, ameyaondoa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini nimeambiwa ameyaondoa.

Umeona nimeandika "nimeambiwa."

Lile jaribio nililifanya siku ileile barua yako ya Mei ilipofika. Paskasi alisimama nyuma yangu mlangoni. Nikasubiri. Nikasubiri sana, nikasema, "Anza basi." Akanizunguka akaja mbele, na uso wake Laurian sitausahau. Akasema, "Mama Viola, nimeshamaliza."

Nikamwambia alikuwa ananong'ona. Tukagombana. Hatukuongea wiki nzima.

Na habari ya maktaba ni hivi. Nilikuwa na watoto wengi darasani, unajua kelele zao. Kuna kabinti kadogo, kanaitwa Paskalina, kana sauti ya sisimizi, kanakaa nyuma. Kaliomba ruhusa ya kutoka. Kakaomba tena. Nilikuwa ninaandika ubaoni, wengine wanaimba silabi, sikusikia. Kakaogopa kutoka bila ruhusa, kakajikojolea, wenzake wakakacheka mpaka kakakataa shule. Mama yake akaja. Hakunifokea, ningefurahi angefoka. Aliniuliza tu, "Mwalimu, mwanangu amekukosea nini?" Wale watoto wa mbele wakamjibu kabla yangu: "Mwalimu hasikiagi. Sisi huwa tunamgusa." Walikuwa wanajua wote, Laurian. Wana miaka sita, walikuwa wamenitafutia njia, na mimi najidanganya kwamba wamekuwa na mazoea mabaya ya kunivuta sketi.

Nilimwendea Herieli mwenyewe nikaomba anitoe. Alidhani naumwa mgongo.

Sasa sikiliza. Mama anasafiri. Hajawahi kuvuka Arusha maishani mwake, nimemwambia ni mbali, amesema barabara ikiisha atashuka. Atafika Jumanne, umpokee stendi ya Mbezi. Ana unga, maharage, samli na kibuyu cha maziwa mgando ambacho kitawaletea shida na abiria wenzake. Usimpigie simu. Atakuja mwenyewe.

Dada yako,
Natalia

*

Dar es Salaam
18 Agosti 2024

Dada Natalia,

Shikamoo. Mama ni mzima. Analaumu maji ya huku kwamba hayaivishi maharage. Jirani zetu wote wanamjua, wanamwita Bibi Babati.

Nikuambie ilivyokuwa, maana yeye akirudi hatakueleza.

Nilimpokea stendi. Nikasema shikamoo Mama, akasema marahaba, macho yako kwenye mizigo. Njia nzima hakuniuliza kitu. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akapita sebuleni, akaingia chumbani bila kubisha. Conjesta alikuwa amekaa kitandani, ameshajiandaa, amevaa gauni la kupokelea wageni. Akataka kuinuka. Mama akamzuia, akakaa sakafuni, akamshika miguu.

Akauliza, "Alifanana na nani?"

Dada, miezi yote ile watu wachache waliojua walimwambia Mungu atakupa mwingine. Daktari alimwambia habari ya damu. Mimi nilimwambia apumzike. Hakuna aliyemuuliza swali hilo.

Conjesta akasema, "Paji la uso lilikuwa la Laurian. Nywele nyingi. Vidole virefu."

"Wa kike?"

"Wa kike."

Nilikuwa mlangoni. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa na binti. Nilikaa chini palepale, mgongo kwenye fremu. Wao wakaendelea kama sipo. Mama alitoa kile kikofia, Conjesta akakipima kwenye ngumi yake, akasema, "Kingemtosha," na akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake. Mama hakumnyamazisha. Nilitaka kwenda kumnyamazisha mimi, Mama akanitazama, nikabaki.

Baadaye, Conjesta alipolala, Mama aliniita jikoni. "Ulikuwa unanificha nisilie mara mbili," akasema. "Nani alikwambia mtu hupimiwa kilio?"  Akanipa kitunguu nikate.

Wamempa mtoto jina. Edda, la mama yake Mama. Jumamosi tulikwenda watatu makaburini, mahali alipolazwa. Hakuna alama, lakini mhudumu anapakumbuka. Mama aliomba kwa lugha yetu, muda mrefu, kwa sauti kubwa, watu wakageuka kuangalia. Nilielewa nusu tu.

Kazini nimeomba likizo, wamenipa kwa kununa. Sijui nitarudi vilevile. Kabla ya likizo nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta nikicheza somo la watoto wa darasa la kwanza, silabi za sa na fa, na mkono hautaki kubonyeza. Nimemwambia bosi masomo ya silabi yasibanwe sana, hata kama kadi itajaa mapema. Amesema watoto hawatajua tofauti. Tunabishana bado.

Na wewe? Umekwenda Moshi kupimwa masikio? Usiniandikie habari za mbaazi.

Laurian

*

Bagara, Babati
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Laurian,

Tumsifu Yesu Kristo. Mbaazi zimevunwa, hutaki kusikia, nimekwambia hivyo hivyo. Viola matokeo yake yametoka mafichoni, hesabu ni aibu ya ukoo, Kiswahili amepata A. Paskasi amepona kikohozi. Mama na Conjesta walifika salama, ulisikia.

Nilikwenda Moshi. Waliniweka kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakanivisha vitu masikioni, kijana mmoja akaniambia nikisikia mlio nibonyeze. Nilibonyeza mwanzoni. Halafu kikaja kimya kirefu nikajua, kwa sababu nilimwona kupitia kioo, mkono wake unaendelea kufanya kazi. Alikuwa ananipigia milio na mimi nimekaa kama gogo. Nilikumbuka ulivyoandika watu walivyopimwa ili mjue cha kutupa. Nilitamani nitoke nikimbie. Nilikaa.

Wamenipa mashine mbili, moja kila sikio. Nikudanganye kwamba nilifurahi? Wiki ya kwanza nilitamani kuzitupa ziwani. Karatasi zina kelele! Bati la jikoni lina kelele, kiatu changu mwenyewe kina kelele, Paskasi anatafuna kama ng'ombe na nimeishi naye miaka yote hiyo kwa heshima. Kanisani kwaya inanichoma. Nazivua, nazivaa, nazivua tena. Daktari anasema akili inajifunza upya, nisiwe na haraka. Mimi nina haraka.

Herieli amenirudisha darasani, si la kwanza, la tatu, pamoja na Festo mpaka nizoee. Nimepanga madawati nusu duara ili kila mdomo niuone. Paskalina amerudi shule. Hajanisalimia bado. Simdai salamu, mama yake tunasalimiana sokoni.

Sasa habari niliyokaa kuiandika.

Conjesta yuko Nakwa kwa Mama, kama mlivyokubaliana. Amenenepa kidogo. Mwanzoni alikuwa anakaa ndani, sasa anatoka. Jana nilikwenda kuwasaidia kupepeta mbaazi. Nilikuwa nimewapa mgongo, nina ungo mkononi, mashine nimevaa kwa sababu Mama alinilazimisha. Akaja jirani, mama mmoja mgeni wa kuhamia, mwongeaji, hajui habari zetu. Akakaa na Conjesta kwenye gogo. Niliwasikia wanaulizana unatoka wapi, umeolewa na nani. Kisha yule mama akamuuliza, "Na watoto mnao wangapi?"

Nilitaka kugeuka niingilie. Nilikuwa tayari na neno la kumfukuzia yule mama.

Conjesta akasema, "Mmoja. Anaitwa Edda. Amelala Dar es Salaam."

Alisema polepole tu, sauti ya kawaida ya mtu anayeulizwa na jirani. Nililipata lote, mpaka mwisho wake. Yule mama akasema, "Na mimi nina wawili waliolala Mbulu," akamsogelea.

Sikugeuka. Mbaazi zilikuwa zinafanya kelele kwenye ungo, nikaziweka chini ili zisije zikawafunika, nikakaa hivyo hivyo nimewapa mgongo, nikawaacha waongee.

Dada yako,
Natalia